Kwanini watu wanacheka Kinjeketile ikiigizwa? Nimetoka ukumbini nina uchungu

#1 Mtondoo
Wakuu habari. Jana usiku nilikuwa kwenye ukumbi wa chuo kimoja hapa Dar, wanafunzi wa sanaa za maonyesho wanacheza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ile tamthilia ya mganga wa vita vya Maji Maji aliyewapa watu maji ya kuzuia risasi za Wajerumani. Nilienda kwa sababu mpwa wangu, mtoto wa dada, ndo kapewa nafasi ya Bi Kinjeketile, mke wake, yuko mwaka wa pili. Miezi miwili tunamsikia nyumbani anarudia maneno jikoni, anabandika chai anaisahau mpaka inakauka.

Basi ikafika pale Kinjeketile ameshaingia majini, watu wamesimama ukingoni hawajui kama atatoka au ndo basi tena. Mtoto akapiga magoti akalia. Mimi mwili ulisisimka. Ukumbi ukaangua kicheko. Si watu wawili watatu, ukumbi. Nikadhani labda khanga imefunguka au kuna kitu kimeanguka, nikaangalia, hamna kitu. Wakacheka tena kule mbele, vijana wanaanguka kwa risasi na vibuyu vyao vya maji shingoni, na kila anayeanguka watu wanashangilia kama goli limeingia.

Alivyotoka hakutaka hata soda. Ndani ya bajaji akaniuliza, mjomba, nimekosea wapi? Sikuwa na jibu. Nawauliza nyie mliowahi kusimama jukwaani au kukaa kwenye viti, kwanini watu wetu wanacheka pale panapouma?

#2 sauti ya kiti cha nyuma
Uzi mzuri. Ngoja nikae hapa nisubiri wajuvi.

#3 Nyuma ya Pazia
Pole mkuu, mwambie hajakosea kitu. Mimi nimeigiza miaka mitatu yote ya chuo na hilo tumelipata kila onyesho. Sababu ni moja tu, waliojaa ukumbini ni wenzao wa bweni. Yule anayekufa kwa risasi wanamjua, asubuhi walipanga foleni naye bafuni wameshika ndoo, jana yake alikuwa anakopa chipsi. Hawamuoni Mmatumbi wa 1905, wanamuona Saidi wa chumba cha jirani amefungwa kaniki. Tulivyoenda kucheza sehemu ambako hakuna anayetujua, kijijini kabisa, mchezo uleule, waigizaji walewale, watu walikaa kimya mpaka tukaogopa wamechukia.

#4 KanikiNyeusi
#3 sikubaliani na wewe. Tusiwape lawama watazamaji kila siku. Waigizaji wetu wanalia kwa koo. Yaani mtu akiambiwa lia basi anapandisha sauti mpaka juu, mikono kichwani, yalaa yalaaa, vilevile kama kwenye tamthilia za tivii. Mwanamke aliyekaa ukingoni mwa maji usiku kucha anamsubiri mumewe halii hivyo. Amechoka huyo. Kalia mpaka kaishiwa, macho makavu, anaangalia maji tu. Mimi nilishamuona mama mmoja ufukweni Kilwa anamsubiri mtoto wa ngalawa siku ya pili, hakutoa sauti hata kidogo, na hakuna mtu pale ufukweni aliyethubutu hata kukohoa.

Simlaumu mpwa wako mkuu Mtondoo, lawama ni za anayemuelekeza.

#5 Mtondoo
#4 nimekuelewa, na nitamwambia. Lakini hakulia kwa kelele kihivyo. Nilikuwa mstari wa tatu.

#6 Bwana Jasiri
Inaudhi sana. Mtu Wajerumani wamemnyonga Songea pamoja na mashujaa wenzake 66 halafu vitoto vya siku hizi vinamcheka. Historia hawaijui, ndo tatizo.

#7 Mngoni wa Matogoro
#6 kaka taratibu, historia hiyo na wewe umeichanganya. Aliyenyongwa na wenzake pale Songea ni Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, tarehe 27 Februari 1906, ukijumlisha wote ni 67. Ile 66 ndo idadi ya waliozikwa kaburi la pamoja, Songea Mbano ana kaburi lake pembeni, na wazee wetu wanasema humo kalala bila kichwa, kichwa kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani. Nenda pale makumbusho ya Maji Maji Songea utaonyeshwa. Rais wa Ujerumani Steinmeier alikuja palepale Novemba 2023 akaomba msamaha.

Kinjeketile Ngwale ni wa Ngarambe huko Rufiji, na alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita ndo kwanza vina siku chache, pamba za Mjerumani zimeng'olewa Nandete mwishoni mwa Julai.

#8 Bwana Jasiri
#7 asante ndugu, nimekaa sawa.

#9 Mwalimu wa Zamu
Hapo alipogusa Mngoni ndipo penyewe. Angalieni tarehe hizo. Kinjeketile wa historia alikufa vita vikianza, hakuwahi kuona maji yakishindwa kule Mahenge, maana boma la Mahenge lilivamiwa tarehe 30 Agosti, yeye ameshanyongwa karibu mwezi. Kinjeketile wa Hussein anaishi mpaka anaona watu wake wamelala chini, anakamatwa, anapigwa akiri kwamba maji ni uongo, na anakataa. Na mwandishi mwenyewe kwenye utangulizi kasema wazi huyu wake si yule wa historia, kamuumba.

Nasema hivi kwanini. Nimefundisha fasihi miaka 19. Mwanafunzi anaisoma tamthilia kwa ajili ya mtihani: dhamira kuu, dhamira ndogo, ujumbe, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Akiingia ukumbini anasubiri zile pointi zake, hasubiri watu. Risasi zikilia yeye anajua tu hapa ndo "matatizo ya kutegemea ushirikina". Kwake wale wanaokufa walikuwa wajinga. Na mjinga akianguka anachekwa. Kwa hiyo kicheko tunakifundisha wenyewe, darasani.

#10 dada wa taa
Mwalimu umeenda mbali sana, mi nakaa kwenye mataa na spika na ninayoyaona ni madogo kuliko hayo. Mlio wa bunduki ukichelewa sekunde moja, mtu keshaanguka ndo risasi inalia, watu watacheka tu hata wawe maprofesa watupu. Mlio ukitoka kwenye simu iliyounganishwa na spika halafu meseji ikaingia katikati, watacheka. Taa ikiwaka mapema wakamuona marehemu anarekebisha nguo, basi tena, hapo hata kilio cha kweli kitachekwa mpaka mwisho wa mchezo. Kicheko cha kwanza kikishatoka hakirudi.

Mtondoo, jaribu kukumbuka, kabla ya kile kilio hakukuwa na kitu kilichoharibika?

#11 Mtondoo
#10 sasa unanikumbusha. Kabla yake kulikuwa na Mjerumani, kijana kapakwa unga wa ngano uso mzima, anaongea "weye nyeusi leta pamba haraka weye". Watu walikufa kwa kicheko na pale hata mimi nilicheka. Yule wa unga akatoka, ndo ikaja sehemu ya maji.

#12 Nyuma ya Pazia
Eeh umeona, unga tena. Hiyo ya unga wa ngano inatakiwa ipigwe marufuku kabisa.

#13 Mrufiji Halisi
Si unga tu, hata hicho Kiswahili kibovu cha Mjerumani ni uongo. Wajerumani waliendesha serikali yao kwa Kiswahili, barua za maakida na majumbe zilikuwa za Kiswahili, na maofisa walikuwa wanajifunza lugha Berlin kabla hawajapanda meli, kulikuwa na chuo cha lugha za Mashariki pale kimeanzishwa 1887. Afisa aliyetoa amri ulimwe pamba siku kadhaa bila malipo ya maana alikuwa anaweza kukuambia kwa Kiswahili ukakielewa vizuri. Hicho ndo cha kutisha. Ukimfanya kichekesho umemsaidia.

Na hao waliokuwa wanapiga bombomu, zile bunduki za rashasha, hawakuwa weupe wengi. Askari ni Wasudani, ni Wanyamwezi, ni Wasukuma, ni watu kama sisi. Wachezeni hao bila unga muone kama kuna atakayecheka.

#14 Msee wa Nairobi
Wadau niko Nairobi, nisaidieni kidogo. Huku wazee wetu wa chuo wanasimulia Oktoba 1976, mchezo wa Dedan Kimathi wa Ngugi na Micere Mugo pale Kenya National Theatre, kundi lililokuwa likijiandaa na tamasha la Festac Lagos. Mwisho wa mchezo watu waliinuka kwenye viti wakaimba na waigizaji wakatoka nao wakicheza mpaka barabarani. Hakuna aliyekaa kucheka kifo. Sasa nauliza, ni kwa sababu Mau Mau ilikuwa karibu? 1976 mtu wa miaka arobaini alikuwa ameyaona kwa macho. Maji Maji hakuna aliye hai aliyeiona. Labda uchungu unakufa na watu wake.

#15 Kipatimu
#14 uchungu haujafa bwana. Njoo kwetu.

Mimi ni Mmatumbi. Bibi yangu mzaa baba yuko hai, na yeye alilelewa na bibi yake aliyekuwa msichana mdogo wakati ule. Njaa iliyofuata ndo iliyoua kuliko bunduki, Wajerumani walichoma ghala na mashamba makusudi, wao wenyewe waliandika waliokufa ni 75,000 lakini wanahistoria wanasema ni 250,000 mpaka 300,000. Bibi mpaka leo haachi punje ya mtama sakafuni. Ukila ukaacha anakufunikia sahani anakuwekea mpaka jioni, hasemi kitu. Na ukimuuliza vita anasema "yale mambo", basi.

Mnaongea habari ya kuiga kilio. Wale wanafunzi kabla hawajavaa kaniki, kuna aliyefika Nandete? Kuna mnara pale. Kuna aliyekwenda Ngarambe?

#16 Mwalimu wa Zamu
Kipatimu umenigusa. Na hilo lilishafanyika zamani. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar walitumwa vijijini kurekodi wazee waliokumbuka Maji Maji, ndo yale majina ya waliong'oa pamba yakajulikana, habari za njwiywila, ile minong'ono ya siri iliyokuwa inapita kijiji hadi kijiji kabla ya vita. Mwaka uliofuata, 1969, Kinjeketile ikatoka, na ni kampasi hiyohiyo. Yaani ilitoka palepale walipokuwa waliokwenda kuwasikiliza wazee. Sasa hivi anayecheza ana kitabu tu na siku chache za mazoezi usiku baada ya vipindi.

#17 Mzaramo wa Mbagala
Jamani mbona hakuna aliyetaja utani? Sisi pwani msiba bila watani haujakamilika. Mnyamwezi akija kwenye msiba wetu anajilaza kwenye jeneza, anaiga marehemu alivyokuwa anatembea, anadai apewe hela ndo tuzike, na watu wanacheka huku machozi yanatoka. Hatucheki kwa kuwa hatujali. Tunacheka kwa sababu kuna mtu amepewa kazi ya kutubebea. Mtondoo huenda ukumbi ulikuwa unafanya kitu hicho, mwili unajua njia yake. Halafu kwenye mchezo wenyewe si kuna Mzaramo na Mngindo na Mmatumbi na Mkichi wamekutana, hapo utani umejaa, watu wameingia kwenye hali hiyo tangu mwanzo.

#18 KanikiNyeusi
#17 hilo sijawahi kulifikiria, zuri. Ila mtani anachimba kaburi pia. Anacheka na jembe mkononi. Wale wa ukumbini walikuwa na simu mkononi wanarekodi klipu.

#19 Mzaramo wa Mbagala
#18 hahaha shemeji yangu wa Kisukuma angekujibu vizuri, mimi nakuachia hiyo.

#20 Mzee wa Muungano
Vijana shikamooni nyie wenyewe maana naona wote mna hasira. Mimi nimekula chumvi kidogo. Kicheko hiki kina historia yake. Maigizo ya kizungu yaliingia mashuleni enzi za Mwingereza, na kilichokua kwa wanafunzi wetu kikawa vichekesho, na anayechekwa kwenye kichekesho alikuwa nani? Mshamba. Mtu wa kijijini aliyefika mjini hajui kutumia uma. Amevaa kaniki au shuka, anaongea kwa lafudhi ya kwao. Sasa Kinjeketile na watu wake wamevaaje? Kaniki. Wanaongea lafudhi gani? Ya kwao. Mtazamaji akiona nguo ile jukwaani kichwa kinamwambia cheka, kabla hajasikia hata neno.

Halafu zikaja enzi zetu za vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT, unaingia baa jioni unaangalia sarakasi, ngoma, taarab, kichekesho, igizo, vyote usiku mmoja kwa kiingilio kimoja. Nilikuwa siachi wikiendi. Igizo linakuja baada ya kichekesho, mtu bado anafuta machozi ya kucheka. Hapo ndo tulijifunza kutazama. Watoto wetu wamejifunza kwetu.

#21 dada wa taa
Marahaba mzee 😄 leo umetusalimia kinyume.

#22 Mngoni wa Matogoro
Mzee #20 kaniki umeisema vizuri. Songea kwenye kumbukumbu za Februari wazee wanavaa mavazi ya vita, njuga miguuni, wanacheza ligihu, na hakuna anayecheka. Watoto wa shule wamepangwa juani masaa, hawacheki. Nguo ileile, jukwaa ndo tofauti. Kule anayevaa ni mjukuu wa aliyenyongwa.

#23 Nimecheka Mimi
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi nilikuwa ukumbini Jumanne na nilicheka. Mstari wa saba katikati.

Nimesoma sababu zenu zote na nyingine ni kweli, unga ulituchekesha, na yule dada namfahamu kwa sura tuko naye mwaka mmoja. Lakini pale alipopiga magoti sikucheka kwa sababu ya hayo. Baba yangu alizama Mafia mimi niko darasa la sita. Mama alikaa vilevile. Vilevile kabisa, goti moja chini lingine juu, mkono kwenye mchanga. Nilisikia kitu kinapanda tumboni na nimekaa na marafiki wanne, nikajua kikitoka kitatoka vibaya, na kilipotoka kikawa kicheko. Aliyekaa kushoto kwangu akacheka kwa kunisikia mimi. Sijui kama ukumbi mzima ulianzia kwangu. Tangu juzi sijalala vizuri.

Mkuu Mtondoo naomba umwambie hakukosea. Na unisamehe.

#24 Mtondoo
#23 mdogo wangu nimesoma mara tatu. Hakuna cha kusamehe. Pole sana kwa mzee. Nimempa simu asome mwenyewe.

#25 sauti ya kiti cha nyuma
Dah.

#26 KanikiNyeusi
#23 pole. Nafuta nilichosema #4 kuhusu kulia kwa koo, nusu yake. Nusu nyingine ya anayeelekeza naibakiza.

#27 Nyuma ya Pazia
Mimi bado nasema ni wenzake wa bweni. Mmoja kacheka kwa uchungu sawa, wale mia waliobaki je? Walifuata.

#28 Mrufiji Halisi
#27 na mimi bado nasema ni unga. Ila nina swali kwa wanaojua mchezo: pale Hongo, yule mzimu, anapomwambia Kinjeketile watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, Kinjeketile mwenyewe anashtuka, anaona wanatoka kwa bwana mmoja wanaingia kwa mwingine. Hapo watu walifanyaje ukumbini?

#29 Mtondoo
#28 kimya. Hapo ukumbi ulinyamaza kabisa, sindano ingesikika. Nilishangaa.

#30 Mzee wa Muungano
Basi wanasikiliza hao. Msiwaseme kwamba hawasikilizi.

#31 Kipatimu
#28 halafu huku kwetu hongo si mzimu tu, hata wale wajumbe waliokuwa wanapeleka maji vijijini waliitwa hongo. Waelekezaji wengi hawajui. Na Kinjeketile alipopelekwa kunyongwa inasimuliwa alisema haitasaidia kitu, dawa imeshafika Kilosa na Mahenge. Ukilijua hilo ile sehemu ya mwisho gerezani utaicheza tofauti, huyo si mtu aliyeshindwa.

#32 Bwana Jasiri
Kuna anayejua kaniki nzuri zinapatikana wapi Kariakoo? Shule yetu nayo inataka kucheza mwaka huu na zile za polyester zinang'aa kwenye taa.

#33 dada wa taa
#32 usinunue zinazong'aa kabisa. Nunua marekani nyeupe mtie rangi wenyewe, ioshwe mara tano sita mpaka ichoke. Na muache watoto wavae wiki nzima kwenye mazoezi, wakae nazo chini, wabebe nazo kuni. Nguo mpya jukwaani ndo inachekwa.

#34 Mtondoo
Wakuu nimerudi. Bi Kinjeketile amesoma uzi wote jana usiku. Hakusema mengi. Asubuhi alimuomba anayewaelekeza mambo mawili, unga utoke kwa yule Mjerumani, na yeye aruhusiwe kukaa kimya pale ukingoni badala ya kulia. La kwanza limekubaliwa. La pili wamebishana mpaka saa sita mchana, anasema mwelekezaji anaogopa kimya kikiwa kirefu watu watadhani amesahau maneno. Wamepatana atalia, ila mwisho, Kinjeketile akishatoka majini mkavu. Kwamba alie kwa kumuona.

Kesho Jumamosi wanacheza tena. Kaniambia #23 akitaka kuja akae mbele, na akitaka kutoka nje mlango wa kushoto hauna mlio.

#35 Nimecheka Mimi
Nitakuja.

#36 KanikiNyeusi
Kulia akishatoka majini! Hiyo sikuitegemea. Sijui itakuwaje.

#37 Kipatimu
Mtondoo, bibi yuko Dar tangu juzi kwa matibabu ya macho, haoni vizuri ila anasikia. Nimemsomea uzi kwa Kimatumbi. Kauliza hao watoto wanajua kuimba? Nikamwambia wanajua. Mnaanza saa ngapi kesho?

#38 Mtondoo
Saa kumi na mbili na nusu jioni. Mje saa kumi na mbili, nitawawekea viti viwili mstari wa pili karibu na ngoma, na kuna ngazi tatu za kupanda pale mlangoni kwa hiyo nipigie ukifika nije tumshike bibi.